Nyumba ya udongo, ya mawe au ya saruji: ipi ijengwe Mombasa?

Mdogo wangu na mumewe wamepata kiwanja Mtongwe, upande wa Likoni, na tangu siku hiyo kila jamaa amegeuka fundi. Mjomba, aliyezaliwa Majengo na kuzeekea hukohuko, anasema wajenge ya udongo waezeke makuti, watalala bila feni. Mama anataka mawe ya matumbawe, kama nyumba aliyokulia Mji wa Kale. Shemeji anataka bloku za saruji na slabu, yaani paa bapa la zege, juu, ili Mungu akijalia apandishe ghorofa. Nami nimeombwa nitoe neno. Kwa kuwa najua si wao peke yao wanaotatizika, nimeona niyaandike yote hapa, yamfae yeyote anayetaka kujenga kisiwani au ng'ambo zake.

Nianze na jambo ambalo mafundi hawalitaji wanapokuandikia hesabu ya vifaa. Hesabu ile ni ya siku ya kujenga tu. Nyumba ya pwani hujengwa mara moja na jua, halafu mvua, halafu chumvi huibomoa kidogo kidogo kila mwaka, na mwenye nyumba huirudishia kilicholiwa. Ninapolinganisha nyumba hizi tatu nauliza kila moja: itakudai nini kila mwaka, na utakipata wapi?

Zinatoka wapi

Nyumba ya udongo huanza na mti. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa ndani na kwa nje, katikati hujazwa udongo mwekundu na vipande vya mawe, kisha ukuta hukandikwa. Juu hupandishwa kombamoyo na pau, miti ya kubebea paa, halafu makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa, kuti juu ya kuti. Wanaoyashona wengi ni akina mama wa Kilifi na Kwale, na kwao ni kazi ya kulisha watoto. Katika nyumba nzima hakuna kitu kilichotoka mbali zaidi ya shamba na ufuko wa jirani.

Nyumba ya mawe inatoka chini ya nyayo zetu. Kisiwa cha Mombasa na mwambao wake vimekaa juu ya matumbawe ya kale, yaliyokua zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Wazee waliyachimba wakayapanga kwa chokaa iliyochomwa kutoka jiwe hilohilo. Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593 walikuja na mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini ukuta waliuinua kwa matumbawe ya hapahapa. Umesimama zaidi ya miaka 400 mbele ya bahari.

Dari za nyumba hizo ni boriti za mikoko, na hapo mti ndio uliotoa amri. Boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi. Ukiingia nyumba ya kale ukastaajabu kwa nini vyumba ni vyembamba na virefu kama ujia, jibu ni urefu wa mkoko. Majahazi yalipakia boriti hizo hadi Arabuni na Ghuba, na huko nako vyumba vikajengwa kwa upana uleule.

Saruji watu huiona ya kigeni, lakini nayo ni matumbawe yetu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954 kwa sababu jiwe la chokaa lilikuwa pale, tele, pembeni mwa bahari. Tofauti iko kwenye moto. Chokaa huiva kwa nyuzi 900 hivi, moto ambao tanuu ya kuni inaufikia. Saruji inataka nyuzi 1,450, na huo si moto wa kijijini. Ndiyo maana chokaa iliweza kuchomwa na watu wa mtaa, ilhali saruji hununuliwa kwa mfuko kwa bei inayopangwa na wengine.

Machimbo ya Bamburi yaliacha uwanda mweupe usio na udongo, umefika karibu na maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti pale. Aina nyingi zilikufa, mvinje ukashika. Majani yake makavu yalikataa kuoza, hadi walipoletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni Haller Park, msitu wenye viboko na twiga. Nalitaja hili kwa sababu kila bloku ni shimo mahali fulani, na kwa sababu mvinje tutauhitaji tena baadaye.

Joto la kaskazi

Watu hubishana kuhusu ukuta. Hapa Mombasa kuta zinakuja nyuma ya paa. Mji uko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Saa sita mchana ukuta haupigwi na jua. Paa ndilo linalopigwa.

Makuti hapo hayana mpinzani. Jani ni jepesi, halihifadhi joto, na hewa moto inayopanda hupenya katikati ya makuti ikatoka zake. Mabati hupokea jua na kulishusha chini kama jiko lililogeuzwa. Ukikaa chini ya bati tupu mwezi wa Februari, hata madirisha yakiwa wazi, utahisi kichwa kinachomeka. Dari husaidia, lakini dari ya chini inayogusana na bati bila nafasi ya hewa ni kujidanganya. Pandisha paa, acha matundu ya hewa kwenye kilele na chini ya upenu, ndipo bati litavumilika. Wako pia wanaopachika makuti juu ya mabati: bati lizuie maji, makuti yazuie jua. Ni gharama mara mbili, lakini nimelala ndani ya nyumba ya namna hiyo Machi na sikuamka kutafuta maji ya kujimwagia.

Slabu ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu mchana hufanana na neema. Zege ni zito, hulimeza jua pole pole, na saa nane mchana chini yake kuna ubaridi. Lakini joto lililomezwa halijaenda popote. Saa nne usiku, umeshatandika kitanda, ndipo linapoanza kuteremka. Mahali ambapo usiku ni baridi zege kama hilo lingekuwa blanketi. Hapa kwetu Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku haushuki sana chini ya 24, na hewa ni nzito kwa unyevu. Zege halipati wakati wa kupoa. Shemeji, kama unasoma hapa: ghorofa ya juu ikijengwa, chumba cha chini kitapona, na mateso yatahamia juu.

Sasa niwe mwadilifu kwa mawe, kwa sababu mama atasoma pia. Ukuta wa nusu mita nao humeza joto na kulirudisha. Sifa ya nyumba za Mji wa Kale kuwa baridi haikutokana na mawe peke yake. Njia ni nyembamba, nyumba moja huipa nyingine kivuli, na jua huwa limeshapanda juu kabla ya kuufikia ukuta wa chini. Madirisha ni marefu, yana vibao vinavyopitisha upepo na kuficha waliomo ndani. Dari iko juu. Kuna ua au tundu la hewa katikati. Njia nyingi hushuka kuelekea bahari, na upepo hupanda nazo. Vyote hivyo vilifanya kazi pamoja kama wachezaji wa ngoma moja. Ukichukua mawe hayohayo ukajenga nyumba ya peke yake katikati ya kiwanja kitupu, ukaweka madirisha madogo kwa kuogopa wezi, utakuwa umenunua ngoma bila wachezaji.

Upepo ndio dawa ya kweli ya unyevu, na upepo wetu una ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi huja kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi. Nyumba yenye upande mrefu ulioelekea kaskazini na kusini, madirisha yakitazamana pande zote mbili, huzipata pepo zote, na mbavu zake fupi ndizo zinazokabiliana na jua la asubuhi na la alasiri. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, ile ya vyumba vitatu huku na vitatu huku na ujia katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, ni bomba la upepo. Fungua milango miwili, keti barazani, utaona. Mjomba amesema kweli kwa hilo, na ramani ile haidai udongo: unaweza kuijenga kwa mawe, kwa bloku, kwa chochote.

Mvua ya masika

Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo yenyewe.

Makuti yanaishi au yanakufa kwa mwinamo. Paa linapaswa kusimama karibu nyuzi 45, maji yateleze kabla ya kuzama. Fundi anayetaka kuokoa miti atalilaza, nawe utashukuru kwa bei, halafu mwaka wa pili utaanza kuona nyota. Makuti yaliyobanwa vizuri kwenye paa lililosimama hukupa miaka mitano, pengine saba. Yaliyopanuliwa nafasi ili yafike mbali hayana hata nusu ya hiyo. Ukuta wa udongo nao huliwa miguuni, pale matone yanaporuka kutoka ardhini. Ndiyo sababu ya upenu mrefu, na ndiyo kazi nyingine ya baraza: pamoja na kuwa kikao, ni kiatu cha nyumba. Baada ya masika unakandika palipoliwa. Ni kazi ya siku mbili, familia nzima, bila kununua kitu.

Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ni lazima uachwe uyatoe. Hapa nina la kusimulia, na bado linaniuma. Nyumba ya nyanya, Mji wa Kale, ilikuwa imechubuka plasta upande wa uani. Tukampata fundi, akasema chokaa ni mambo ya zamani, akapiga saruji ukuta mzima, laini kama sahani. Tulifurahi. Masika ya kwanza ikapita salama. Ya pili, unyevu uliokuwa ukipanda kutoka chini na kutoka nje kupitia chokaa ukakuta mlango umefungwa. Ukajikusanya nyuma ya saruji pamoja na chumvi yake, na jiwe likaanza kumomonyoka kwa ndani. Siku plasta ilipoanguka, ilianguka na ukuta mkononi: ulishika jiwe likawa unga. Watu hukariri "usipoziba ufa utajenga ukuta". Sisi ufa tuliuziba, tena kwa haraka. Tuliuziba kwa kitu kisicho chake. Kwa yeyote aliyerithi nyumba ya mawe: plasta ni chokaa, rangi ni chokaa, na pakiharibika ulizia ushauri katika ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa, kabla fundi hajachanganya chochote.

Adui mwingine wa nyumba hizo ni paa linalovuja. Maji yakiingia pale kichwa cha boriti kinapozama ukutani, mti huoza mahali usipopaona. Boriti ya katikati utaiona nzima, imara, huku ncha yake imekuwa sifongo.

Bati? Linapiga kelele, basi. Mvua ikinyesha hamsikizani. Lakini katika masika bati lina sifa moja inayonifanya nilisamehe joto lake lote, nayo ni maji.

Maji ya paa

Mombasa ni kisiwa kinachokunywa maji ya watu wengine. Yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba likipasuka popote njiani, mitaa yetu inarudi kwenye mikokoteni na mitungi. Kuchimba kisima kwako kunawezekana, lakini mara nyingi unachokipata ni maji ya chumvi, ya kuoshea na kufulia.

Sasa piga hesabu hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mombasa hupata mvua ya milimita elfu moja hivi kwa mwaka. Paa la mita 80 za mraba linapitiwa na lita 80,000. Utapoteza sehemu kwa mvuke, kwa gata iliyojaa, kwa tangi lililofurika mwezi wa Mei. Hata ukibaki na nusu, ni lita zaidi ya 100 kwa siku mwaka mzima, kama una pa kuyaweka. Visiwa vya Lamu walilijua hili zamani: waliteka mvua kwenye jabia, birika kubwa lenye uwanja wake wa kukusanyia, lililopigwa chokaa.

Makuti hayakupi maji hayo. Yanatiririka yakiwa na rangi ya chai na mabaki ya majani. Slabu hukupa, mradi isiwe uwanja wa kuanikia na kufugia. Bati ndilo safi na jepesi kulipitishia gata. Ukitaka kujenga mahali ambapo mfereji hutoka mara mbili kwa juma, hili peke yake laweza kuamua paa lako.

Chumvi

Upepo mtamu wa jioni umebeba chumvi, na chumvi haina haraka. Udongo haujali. Jiwe la matumbawe limezaliwa humo. Vinavyoumia ni vyuma.

Kwa mabati, kumbuka kwamba namba ya geji inakwenda kinyumenyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni karatasi. Karibu na bahari usishuke chini ya unene wa 28, chagua yaliyopakwa zinki pamoja na aluminiamu, na misumari iwe ya kufanana nayo, kwa kuwa kutu huanzia kwenye tundu la msumari.

Kwa slabu, hatari iko ndani. Mchanga wa pwani uliochotwa ufukoni una chumvi, na chumvi ikifungiwa ndani ya zege pamoja na nondo, nondo hupata kutu, huvimba, na kulipasua zege kutoka ndani. Dari inayodondosha vipande na kuonyesha vyuma vyekundu ni sura ya kawaida katika majengo yetu ya miaka michache tu. Dai mchanga wa mto uliooshwa. Simama pale nondo zinapopangwa, hakikisha zimeinuliwa ili zege lizifunike vizuri chini. Ukishindwa kusimama mwenyewe, mweke mtu unayemwamini. Zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuona kilichomo.

Moto nitausema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anaujua. Paa la makuti likishika, halizimiki, na upepo hulihamishia kwa jirani. Katika mtaa uliobanana, makuti ni kumwekea jirani deni ambalo hakulikopa. Mchwa nao hupenda udongo na fito. Jiwe na bloku huwapunguza, ingawa hupanda hadi kwenye miti ya paa.

Miti ipatikane wapi

Mjomba huzungumzia boriti kama kwamba bado zinauzwa kila gati. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, kuisafirisha nje kulipigwa marufuku mwaka 1982, na kukata leo kunataka kibali cha shirika la misitu. Ukiletewa mkokoteni wa boriti usiku kwa bei nafuu, jua zimetoka wapi.

Nami sioni vibaya kwamba kuna sheria. Mikoko ya Tudor na Port Reitz ndiyo inayozaa kamba na samaki wetu, na ndiyo inayoshika tope lisifunike matumbawe. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi hadi mikoko mingi kule Mwache ikafa imesimama. Msitu uliokwisha kupigwa namna hiyo hauwezi tena kubeba nyumba zetu zote. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wameuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, yaani wanalipwa kwa kuiacha isimame, tangu 2013, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Mkoko uliosimama umekuwa na bei.

Badala yake kuna mvinje. Wakulima wa Kilifi na Kwale wanaupanda mashambani, unanyooka, unakua haraka, na nguzo zake zinauzwa waziwazi. Si mgumu kama mkoko na mchwa huupenda zaidi, kwa hiyo utie dawa, usiuzike ardhini bila kinga. Kwa kombamoyo na pau unafaa kabisa.

Ardhi ni ya nani?

Hili ningeliweka mwanzo, ila nilijua ukilisoma kwanza utafunga ukurasa.

Mombasa tuna msemo usiosikika sana kwingine: nyumba bila ardhi. Kutokana na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, sehemu kubwa ya pwani iliangukia mikononi mwa wachache, na maelfu wakabaki kujenga juu ya ardhi ya mwingine kwa kodi ya mwezi. Nyumba ni yako, kiwanja si chako. Mwenye ardhi mara nyingi hakuruhusu jengo la kudumu. Ndipo nyumba ya udongo ya Majengo ikawa na maana ya pili: mbali na kuwa jibu la joto, ilikuwa jibu la sheria. Ukifukuzwa unang'oa milango, madirisha, mabati na nguzo, unabeba. Udongo unauacha, udongo ni wa Mungu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya jiwe na bloku, shika hati mkononi na ukaithibitishe katika ofisi ya ardhi. Kama huna hati, usimwage zege. Nimeona watu wakimwaga zege la maisha yao yote juu ya ahadi ya mdomo, na sitaki kuona tena.

Basi ningemwambia nani achukue ipi

Aliye kwenye nyumba bila ardhi, au anayeanza na pesa kidogo: udongo uliokandikwa vizuri juu ya msingi wa mawe, ramani ya ujia katikati, na juu mabati mazuri, yaliyoinuliwa. Makuti ukiyataka, yaezeke kibanda cha uani. Usione haya kwa nyumba hiyo. Itakutaka mikono kila baada ya masika, na mikono unayo. Akija mwenye ardhi, bati na miti vitaondoka nawe.

Aliyerithi Mji wa Kale: usibomoe. Nasema kama mtu aliyekwisha kupoteza ukuta mmoja. Nyumba ile haiwezi kujengwa tena, kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya boriti. Ziba paa kwanza, kabla ya rangi, kabla ya choo kipya. Kisha chokaa.

Mwenye kiwanja chake shambani, mbali na majirani, anayeweza kuezua na kuezeka upya kila miaka mitano au sita: makuti yote, na ndoo za mchanga karibu na jiko. Utalala vizuri kuliko sisi wote, na pesa zako zitaingia mikononi mwa wanawake wa Kwale na Kilifi badala ya kwenda dukani. Maji ya mvua ndiyo utakayoyakosa.

Anayehitaji ghorofa kwa sababu watoto ni wengi na ardhi ni finyu: slabu, hakuna njia nyingine. Ila ghorofa ya mwisho kabisa iezekwe, isiachwe zege tupu juani, na pesa ya mchanga wa mto na nondo isiguswe kwa ajili ya vigae vya sebuleni.

Na mdogo wangu? Wana hati. Kiwanja kinatosha, majirani hawajabanana, mfereji wa mtaa ule hautegemeki. Nimewashauri matofali ya matumbawe yaliyokatwa machimboni, kwa kuwa yako karibu na yanapumua kuliko bloku. Juu paa la mvinje na mabati geji 28, lililosimama, lenye kilele kilicho wazi kwa hewa. Gata pande zote mbili na tangi la lita 10,000 kwa kuanzia. Na baraza ya makuti mbele, ya mjomba, akija akae hapo na kusema aliyokuwa akiyasema. Mama amekubali kwa sababu ya mawe. Shemeji amekubali nusu.

Juma lililopita tulikwenda Mtongwe saa tisa alasiri. Shemeji alikuwa ameshapigilia vigingi, mlango ukitazama barabara, upande wa magharibi, nyumba nzima ikilipa jua la alasiri kifua. Mdogo wangu hakubishana naye. Alikata kijiti kirefu, akafunga leso yake kwenye ncha, akakisimamisha katikati ya kiwanja, akaenda kukaa kivulini chini ya mwembe wa jirani. Kusi ilikuwa imeanza. Leso ikanyooka kuelekea kaskazini magharibi ikakaa hivyo. Shemeji aliitazama kitambo, akazunguka kiwanja mara moja, kisha akachuchumaa na kuanza kung'oa kigingi cha kwanza.